Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vya kawaida vilifanyika, chumba cha vitabu kilipakwa rangi, wagonjwa walitembelewa. Hayo mnayajua, sitawachosha.

Daftarini tuko 46. Waliolipa ada ni 17. Waliobaki wanadaiwa jumla ya shilingi 58,000. Mhadhara wa mwaka ulihudhuriwa na watu 11, na siku hiyo hata mvua haikunyesha.

Sasa niingie kwenye kijitabu tulichochapa kuhusu Bhai Gurdas, maana maneno yamezidi michango. Inasemwa nauli ya ziara ya Makindu imeliwa na Bhai Gurdas, Mpunjabi aliyefariki Goindwal mwaka 1636, ambaye Mombasa hakuijua. Kamati ilipitisha uamuzi wa kuchapa kwa fedha hizo na muhtasari upo. Wanaolalamika leo siku ile hawakutokea.

Na Makindu tunaendea nini? Wapo, tuambizane kweli, wanaofuata chapati na dengu za bure. Gurdwara ile, hekalu la Wasikh, ilijengwa 1926, lakini Kitabu kitakatifu kinachosomwa ndani yake kina mwanzo wake. Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Wasikh, alitamka, Gurdas akaandika, pale Ramsar mjini Amritsar, hadi mswada ukakamilika mwaka 1604: karatasi 974. Mtu huyo tumpite kwa sababu hakupanda treni?

Hakuwa karani tu. Alihubiri Agra, akahubiri Varanasi, na akatunga tenzi 40 za Kipunjabi ziitwazo vaar. Katika ule wa kwanza anamchora Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasikh, akiwa Maka: nguo za buluu, fimbo mkononi, kitabu kwapani, birika la kutawadhia na msala. Hapo ndipo nilipoamua kumwandikia kijitabu. Msomaji wetu wa pwani picha hiyo hahitaji kufafanuliwa.

Tenzi hizo hazimo katika Kitabu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Unyenyekevu wa ajabu. Ama jina langu kuwekwa juu ya jalada la kijitabu, hilo ni suala la uchapaji, na ieleweke kwamba aliyekesha miezi minne akisahihisha ni mimi, kwa mafuta ya taa yangu.

Makindu tutakwenda, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu. Vijana nao tunatarajia kuwavuta kwa namna moja au nyingine.

Nakala 140 bado ziko kwangu, chini ya kitanda. Anayetaka aje achukue, aje na ada yake.

Mwenyekiti