Wabunge wafuatilie misamaha ya kodi wanayoipitisha

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu juu ya vivutio vya kodi ambavyo majimbo ya Marekani huyapa makampuni makubwa. Mliwalaumu magavana. Kwa maoni yangu, wabunge wa majimbo hayo wanastahili lawama zaidi, maana wao ndio hupitisha sheria na wengi hawarudi kuuliza fedha zilizaa nini.

Chukueni Wisconsin. Mwaka 2017 bunge la jimbo liliidhinisha vivutio vya karibu dola bilioni 3 kwa Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya kielektroniki, iliyoahidi ajira hadi 13,000. Sehemu kubwa haikuwa hata punguzo la kodi, kwani viwanda vya huko tayari vilikuwa vikilipa kodi ndogo mno. Zilikuwa fedha za kulipwa kampuni. Mwaka 2021 mkataba ulishushwa hadi dola milioni 80 na ajira 1,454. Nafuu ni kwamba malipo yalifungamanishwa na ajira zilizothibitishwa, ingawa kufikia hapo ardhi na barabara zilikwishagharamiwa.

Jimbo la Washington (si mji mkuu) lina utaratibu wa kuigwa: tangu 2006, wakaguzi wa bunge hupitia nafuu za kodi kwa zamu na kupendekeza ipi ibaki, ipi ifutwe. Napendekeza pia kila nafuu iwekewe tarehe ya ukomo, na anayetaka kuongezewa muda afike mbele ya kamati na orodha ya mishahara aliyolipa.

Msomaji wenu