Risoto Yako Haijasahaulika Jikoni

Jumamosi moja alikuja mteja wetu na mkewe, wakakaa meza ya dirishani, wakaagiza risoto, ule wali mzito wa Kiitaliano wa kukorogwa. Dakika kumi zikapita akamwita mhudumu, "hivi oda yetu mmeiona kweli?" Zikapita tano nyingine akainuka akaja mpaka mlango wa jikoni. Hatumlaumu jamani, mtu una njaa alafu unaona meza ya jirani waliokuja nyuma yako wanakula pizza wanacheka, lazima ukereke. Ila hili swali la kwa nini risoto inachelewa tunaulizwa karibu kila wikendi, bora tulijibu kabisa.

Risoto inaanza na mchele mbichi, na tunaanza pale oda yako inapoingia, sio kabla. Tunatumia carnaroli, aina ya mchele wa Italia, punje nene zenye wanga mwingi, na hatuuoshi, maana ukiuosha ule wanga unaotakiwa kutengeneza uzito wote unaishia kwenye sinki. Kitunguu kinalainishwa kwenye siagi, mchele unaingia unakaangwa mkavu mpaka punje zinapata moto kabisa, mvinyo mweupe unamwagiwa unakauka, alafu ndo kazi yenyewe sasa: upawa mmoja wa supu ya moto, koroga, subiri inyonywe, upawa mwingine, koroga. Hapo ni dakika 18 hivi, saa nyingine 20, na mtu kasimama na mwiko wake haondoki. Mwisho tunaepua, siagi ya baridi na jibini la parmigiano vinaingia vinakorogwa kwa nguvu, Waitaliano wanaita mantecatura. Ikitoka sawa ukitikisa sahani inatambaa kama wimbi. Ikikaa dakika chache tu kabla ya kupelekwa mezani inashikana, inakuwa bonge. Kwa hiyo hata ukitupigia simu njiani, hatuwezi kukupikia ikusubiri.

Njia ya mkato ipo, tusidanganyane. Unaupika mchele nusu mapema, unautandaza kwenye trei upoe, oda ikiingia unamalizia kwa dakika chache. Migahawa kibao inafanya hivo na sio kosa. Sisi tulijaribu, tukaonja, tukaacha, punje zilikuwa laini nje na ndani kama zimesinyaa hivi.

Sasa ile pizza ya jirani. Ya mtindo wa Napoli inaingia kwenye oveni yenye joto zaidi ya digrii 400 na inaiva kwa sekunde 60 mpaka 90, yaani kabla hujamaliza kukunja kitambaa mapajani. Kwa hiyo wewe ukiagiza risoto na mwenzio pizza, mpishi wa pizza anasubiri makusudi ili mle pamoja. Mkitaka kila sahani ije ikiwa tayari semeni tu, hatununi.

Malalamiko mengine ni "pasta yenu haijaiva." Imeiva, ni al dente, yaani inalikinza jino kidogo. Tunaitoa kwenye maji dakika moja au mbili kabla ya muda wake, inamalizikia kwenye sosi na maji kidogo yaleyale iliyochemkia, ndo maana sosi inaishika badala ya kukaa chini ya sahani kama dimbwi. Ila kama unaipenda laini mwambie mhudumu, hela ni yako na tumbo ni lako, mpishi atanung'unika kidogo alafu atapika. Krimu kwenye pasta ya carbonara hapo sasa hapana, ile ni yai, pecorino (jibini la maziwa ya kondoo), guanciale (nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi) na pilipili manga basi, ulaini wake unatokana na yai lenyewe, na moto ukizidi linakuwa yai la kuvuruga na sisi tunaanza upya. Hiyo pia inachelewesha, tunakiri.

Kwahiyo tufanyeje? Ukiwa na haraka sema mapema, hata kabla hujafungua menyu, tutakuelekeza kwenye pizza au spageti. Ukitaka risoto agiza na antipasto ya baridi, yaani vitu vidogo vya kuanzia, brusketa (mkate wa kuchoma wenye vitu juu) au nyama za kukatwa, zinafika upesi na zinakutoa kwenye saa ya ukutani. Na meza ya watu wanne mkiagiza risoto ya aina moja inatoka haraka kuliko nne tofauti, maana sufuria ni moja na mkono unaokoroga ni mmoja. Yule mteja wa dirishani tulimwacha asimame pale mlangoni aangalie dakika zilizobaki. Alirudi mezani amebeba sahani zake mwenyewe, mhudumu anamfuata nyuma mikono mitupu.