Barua kwa Mwanangu: Vitabu Nilivyokufungia

Mwanangu mpenzi,

Nyumbani sote hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi anauliza kama huko chuoni unakula au unashindia chai. Mzigo nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, kaufuate stendi kabla ya magharibi. Ndani mna kashata, ubuyu na vitabu. Kashata usizile peke yako, na vitabu vivyo hivyo.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini nashinda nikisoma riwaya za wenzangu ilhali yangu ya Pangani haijaisha. Mwanangu, kwamba Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889, hilo mtu analikuta katika kitabu chochote cha historia. Lakini yule mpagazi aliyeshuka kutoka bara na pembe ya frasila mbili begani, kilo 30 na ushei, jioni alikula nini? Alimdai nani? Walipotua mizigo walitaniana vipi? Hayo tarehe hazinipi. Nayatafuta kwa waliotangulia kuandika.

Anza na Kuli ya Adam Shafi. Wenzako watakwambia uanze na Vuta N'kuvute kwa kuwa imechezwa filamu, na ni riwaya tamu kweli, lakini mimi sibanduki kwenye Kuli. Ilitoka 1979, na mgomo uliomo ndani yake, ule wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948, ulitokea kweli. Shafi haanzi na mgomo. Anakukalisha kwanza na umaskini wa nyumba moja, unamwona Rashidi akikua mpaka naye anaingia bandarini kubeba mizigo, hivyo siku watu wanapokataa kazi unajua nini kitakosekana jikoni kwa kila mmoja wao.

Kile kinene kisikutishe. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mimi muswada ukichelewa kidogo tu kwa mhariri nyumba nzima hailali, baba yako ni shahidi.

Watu hulalamika kwamba kinakwenda mwendo wa kobe. Ni kweli, na mimi ndiyo maana nakipenda. Myombekere anataka kumrudisha mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, wakwe wanadai pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema "akapeleka pombe" akaendelea na safari. Kitereza anakupeleka mpaka inakotengenezwa, unaona kazi yenyewe na watu wanaosaidiana. Hapo msomaji anapopiga miayo ndipo mimi nachukua penseli. Alama za pembeni ni zangu, usizifute.

Cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994. Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobeli 2021. Yusufu ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na mwenyewe anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Zile karatasi za fotokopi nilizozichomeka ndani yake ni safari ya Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani aliyekwenda bara na msafara. Simulizi yake ilichapwa 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Mjerumani. Soma Peponi mpaka msafara uondoke, weka kitabu pembeni, msome Selemani, kisha rudi. Utaona Gurnah naye alikaa akamsoma mzee huyu kwa makini. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto, nikamsimulia hata muuza samaki.

Kuli imeshazunguka mtaa mzima, ndiyo maana jalada lake limeshikwa na gundi. Kwa ndani nyuma kuna majina ya walioiazima, na kila mmoja ameandika ukurasa uliomkaa moyoni. Ukimaliza weka wako, kisha mpe mwenzako wa chumbani aweke wake. Yule anayesomea uhasibu mpe Peponi, atapenda habari za madeni. Usingoje umalize vyote ndipo uanze kugawa. Kitereza tu ndiye naomba arudi nyumbani, maana nakala yake siku hizi kuipata ni kazi.

Mwisho wa Peponi mimi na baba yako tumegombana nao mpaka leo. Yeye anasema Yusufu hakuwa na njia nyingine, mimi nasema alikuwa nayo. Sikwambii zaidi. Ukifika hapo nipigie, hata iwe usiku wa manane. Vocha nitakurushia.

Mama yako