Umenunua nyumba yenye bwawa? Usikimbilie pampu kubwa

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za nyumba huwa nazisoma sana, na juzijuzi mlitoa makala ya vitu vya kukagua kabla mtu hajanunua nyumba, mkagusa paa, nyufa, mabomba, hati, yote mazuri, ila mlipofika kwenye bwawa la kuogelea mkaandika mstari mmoja tu kwamba angalia maji yawe masafi. Naomba nafasi niseme kwamba maji masafi hayakwambii kitu. Siku tunaenda kuiona hii nyumba yetu maji yalikuwa yanameta, unaona mpaka vigae vya chini, na wakati huohuo humo ndani ya bwawa kulikuwa na kitu kinachoweza kuua mtoto na hakuna aliyetuambia.

Basi tukahamia. Kile kibanda cha mashine tulikuja kukifungua kama wiki ya pili hivi. Pampu kuukuu, inalia utadhani inasaga kokoto, chini yake maji yanadondoka kwenye sili ya shafti, geji ya presha sindano imelala haisogei, na ubavuni mwa tangi la filta mtu kaandika kwa maka peni 0.7 basi, hakuna maelezo mengine. Tukamwita fundi. Akasikiliza ile kelele dakika mbili akasema pampu imechoka wekeni kubwa zaidi ya hii, maji yatazunguka haraka bwawa litakuwa safi muda wote. Kwa mtu asiyejua inaingia akilini kabisa, si ndiyo? Tukanunua.

Ndani ya wiki mchanga ukaanza kuonekana sakafuni mwa bwawa, mchanga wa kwenye filta, ule unaochuja maji! Tunafagia asubuhi, jioni upo tena. Ikabidi nikae chini nisome mwenyewe, na hapo ndipo nikaelewa kwamba pampu, filta na mabomba ni kitu kimoja, huwezi kukuza kimoja ukaacha vingine. Hesabu yenyewe wala si ngumu. Bwawa letu lina mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, hiyo ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Ukitaka maji yote yapite kwenye filta mara moja ndani ya saa 8 unahitaji lita kama 9,400 kwa saa. Filta yetu imeandikwa kwenye kibati chake mwisho lita 14,000 kwa saa. Ile pampu mpya ilikuwa inasukuma karibu 20,000! Maji yakipita kwa kasi hiyo mchanga hauwahi kushika uchafu, na vile vidole vya plastiki vilivyo chini ya tangi, ambavyo kazi yake ni kupitisha maji na kuzuia mchanga, vilikuwa vishazeeka vikavunjika. Pampu kubwa haikutusafishia maji, ilituvunjia filta.

Na umeme ndo usiseme. Hapa naomba msomaji anisikilize maana ndo pesa inapotokea kila mwezi. Ukipunguza kasi ya pampu kwa nusu, maji yanayopita yanapungua nusu, lakini umeme inaokula unashuka mpaka kama sehemu moja ya nane. Ni fizikia hiyo, umeme unafuata kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, nusu ya nusu ya nusu. Kwa hiyo hata ukiiwasha muda mara mbili ili maji yale yale yapite, bado umetumia kama robo tu ya ulichokuwa unatumia. Kwa uhalisia haishuki mpaka robo kamili kwa vile mota nayo ina hasara zake, ila tofauti unaiona. Ndo maana siku hizi kuna pampu za kubadili kasi, unaiweka ijikokote taratibu saa nyingi na unaongeza kasi pale tu unapoosha filta au unapovuta uchafu wa chini. Kama kuna kifaa kimoja kinachostahili pesa yako kwenye bwawa la zamani basi mi nasema ni hicho, na sio hita na sio taa za rangi.

Lakini hata hiyo isiwe ya kwanza, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Yule fundi wa pili tuliyemwita kwa ajili ya mchanga aliingia majini kabla hata ya kugusa mashine. Akatoka akatuita. Kule chini kwenye kina kuna tundu moja la kunyonyea maji, moja tu, na kava yake ilikuwa imepasuka na skrubu mbili hazipo. Pampu ikiwa inavuta kupitia tundu moja na kitu kikaliziba, nywele, mgongo, tumbo la mtoto, nguvu yote ya pampu inaishia hapo na kumnasua mtu kwa mikono ni shughuli kubwa hata kwa watu wazima wawili. Na sisi tukawa tumeweka pampu yenye nguvu zaidi juu ya tundu hilo. Wanangu walikuwa wanapiga mbizi kugusa chini wakishindana, Mhariri. Nilikaa pale pembeni sikuweza kusema kitu.

Marekani kuna sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, aliyenaswa na tundu la namna hii kwenye beseni la maji moto mwaka 2002 akafariki, mama yake alikuwepo akivuta akashindwa. Sheria ikasainiwa Desemba 2007, na kule kava ya tundu lazima ifikie kiwango maalum ndo iuzwe. Kava nzuri imebinuka kidogo na si bapa, ina kiwango cha lita inazoruhusu kupita, na ina muda wake wa kuisha umeandikwa, maana plastiki ndani ya klorini na jua inakuwa kama ganda la yai. Matundu yakiwa mawili yaliyoachana mita moja hivi ndo salama zaidi, moja likizibwa pampu inavuta kwa lingine. Sisi tulifunga kabisa vali ya lile la chini, pampu ikawa inavuta kwenye skima peke yake, yaani lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, na hakuna aliyeingia majini mpaka kava mpya ikafungwa.

Baada ya hapo tukaangalia umeme. Taa ya ndani ya bwawa ilikuwa inapokea umeme wa kawaida wa nyumbani bila kupunguzwa na hakukuwa na ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampea 30. Sasa ni taa ya volti 12 yenye transfoma yake, na ngazi, reli na mwili wa pampu vyote vimeunganishwa kwa waya wa shaba. Hii kazi ni ya fundi umeme anayejua mabwawa, usimpe aliyezoea kufunga soketi za sebuleni.

Kuna mengine madogo nayapitia haraka. Usigeuze mkono wa vali ya filta pampu ikiwa inazunguka, gasketi ya ndani inakatika na maji machafu yanarudi bwawani. Oringi, zile pete za raba za kuzuia maji yasivuje, zipake grisi ya silikoni, grisi inayotokana na petroli inaila raba. Ukiwasha pampu baada ya kufungua filta acha kwanza vali ya juu itoe hewa na usisimame na kichwa juu ya tangi, lile tangi linabeba presha. Na makopo ya klorini utakayoyakuta kibandani, yasiyo na lebo, usiyamiminie kwenye kopo moja ili kupunguza vitu, klorini za aina tofauti zikikutana zinaweza kuwaka moto. Na usikimbilie kumwaga maji yote ili bwawa lianze upya kabla hujajua maji ya ardhini yako kina gani, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na kupasuka.

Kwa hiyo makala ikija tena naomba muandike hivi: anayenunua aombe kibanda kifunguliwe, aone pampu ikiwashwa na kuzimwa, aulize mchanga ulibadilishwa lini (wengi wanasema miaka 5 mpaka 7 inatosha), na atafute mtu wa kuzama kuangalia kava ya chini kabla hajasaini kitu. Anayeuza naye aache karatasi. Hata ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukubwa wa bwawa, aina ya filta, mabomba yanapita wapi.

Ile 0.7 nilikuja kuijua baada ya miezi miwili. Ilikuwa presha ya filta ikiwa safi, kwa kipimo cha bar, ili geji ikipanda kama 0.5 juu ya hapo ujue ni muda wa kuosha mchanga. Mwenye nyumba wa kwanza alituachia kitu cha maana sana, ila hakumalizia sentensi, na geji yenyewe ilikuwa mbovu. Tumeweka geji mpya, vidole vipya, mchanga mpya, na pampu ya kubadili kasi inayolingana na filta. Presha safi sasa ni 0.6 kwa kasi tunayotumia kila siku. Nimeiandika pale pale chini ya ile ya zamani, na tarehe, na maelezo yake kwa maneno kamili.

Msomaji wenu wa siku nyingi