Mwanafunzi wa fildi asimhoji mtoto, na vyuo viache kumlazimisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu ile barua ya mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyelalamika kwamba kapelekwa fildi kwenye kituo cha kutetea na kusaidia watoto, kakaa wiki kadhaa na hajaruhusiwa hata mara moja kuongea na mtoto kuhusu kesi yake, kazi alizopewa ni kupokea simu, kupanga midoli kwenye chumba cha kusubiria na kukaa na akina mama. Anasema kapotezewa muda na anaogopa atafeli. Mimi nasimamia wanafunzi kwenye kituo cha aina hiyo hiyo na kabla ya hapo nilipita fildi kama yeye, kwa hiyo uchungu wake nauelewa kabisa, lakini naomba nimwambie yeye, na zaidi niwaambie walimu wake, kwamba hicho kituo kilichomzuia kilifanya sawasawa. Tatizo liko kwenye fomu aliyotumwa nayo kutoka chuoni.

Hizo fomu nazijua maana zinapita mezani kwangu kila msimu. Kuna kipengele kinasema mwanafunzi afanye mahojiano na mteja angalau mmoja, aandike historia ya tatizo lake, na msimamizi asaini. Kwa mzee anayefuatilia mafao yake, sawa. Kwa mtu mzima aliyekuja mwenyewe kuomba ushauri na amekubali, sawa pia. Ila kwa mtoto wa miaka sita au kumi na mbili aliyeletwa kwa sababu kuna mtu kamfanyia ukatili, hicho kipengele ni hatari, na nashangaa kwamba miaka yote hii hakuna aliyekaa chini akakifuta.

Tukumbuke kwanza hivi vituo vilianzaje. Mwaka 1985 kule Huntsville, jimbo la Alabama, Marekani, mwendesha mashtaka mmoja anaitwa Bud Cramer, ambaye baadaye aliingia bungeni, alichoshwa na namna watoto walivyokuwa wanazungushwa. Mtoto anamwambia mwalimu, mwalimu anaita polisi, polisi anauliza upya, anapelekwa kwa daktari anauliza upya, anakuja mtu wa ustawi wa jamii na daftari lake anauliza upya, halafu mwendesha mashtaka naye anataka asikie kwa masikio yake, yaani kila ofisi mtoto anaanza moja, mbele ya mtu asiyemjua, kwenye kiti ambacho miguu haifiki chini. Watoto wengine walichoka wakanyamaza, wengine walibadilisha maneno kwa sababu walidhani wakiulizwa tena maana yake jibu la kwanza halikuwa sahihi. Cramer na wenzake wakageuza utaratibu, mtoto akae sehemu moja iliyoandaliwa kwa ajili yake na wakubwa ndio wamfuate pale. Leo Marekani peke yake ina vituo zaidi ya 900 vya namna hiyo, na Iceland walifungua cha kwao mwaka 1998 wakakiita Barnahus, na nchi nyingi za Ulaya zimeuchukua huo mfano.

Ndani inafanyika hivi. Mtu mmoja tu, aliyefundishwa hiyo kazi, anakaa na mtoto. Polisi, ustawi na mwendesha mashtaka wanakaa chumba kingine wanaangalia kwenye skrini, wakiwa na swali wanampelekea yule anayehoji, na yote yanarekodiwa vidio ili mtoto asirudie. Sasa baada ya juhudi yote hiyo, kesho yake anakuja kijana wa chuo na karatasi yake anataka mtoto amsimulie tena ili apate maksi! Si atakuwa amerudisha kile kile ambacho kituo kilijengwa kukiondoa?

Halafu kuna suala la ushahidi, ambalo naona chuoni wanalipitia juu juu sana. Watu wengi wanaamini daktari akimpima mtoto ndiyo ukweli utajulikana. Hapana. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono wakipimwa hawakutwi na alama yoyote, kwa sababu vitendo vingi haviachi jeraha na hata pale lilipokuwepo mwili wa mtoto unapona haraka, na mara nyingi watoto wanasema baada ya muda mrefu. Kwa hiyo kwenye kesi nyingi kilichopo ni maneno ya mtoto, na maneno ya mtoto unaweza kuyaharibu kwa swali moja la kizembe. Ukimuuliza "ni mjomba ndiye alikushika?" tayari umeshampa jina na umeshampa kitendo, akiitikia hujui tena kama kaitikia kwa sababu ni kweli au kwa sababu mkubwa kauliza na yeye anataka kukupendeza. Wanaosoma haya mambo wanaijua kesi ya McMartin kule California, ile shule ya watoto wadogo, tuhuma kwamba walimu waliwafanyia watoto ukatili wa kingono zilianza 1983, watoto wengi wakahojiwa kwa maswali ya kuwaelekeza, wakisifiwa wakijibu vile wahojaji walivyotaka, na kesi ikaburuzwa mpaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Namna watoto walivyohojiwa ndiyo ililaumiwa sana. Na hapo kila mtu aliumia, watoto, wazazi na washtakiwa wote.

Baada ya mambo kama hayo ndipo watafiti wakatengeneza utaratibu wa kuhoji, unaojulikana zaidi ni ule wa NICHD, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya ya watoto, ambao Michael Lamb na wenzake waliufanyia kazi miaka mingi. Mhojaji anaanza mbali kabisa. Anamwambia mtoto ni ruhusa kusema sijui, ni ruhusa kusema sijaelewa, na mimi nikikosea unirekebishe. Anamfanyisha mazoezi ya kusimulia kitu cha kawaida, labda siku fulani aliyoifurahia, mwanzo mpaka mwisho, ndipo baadaye anamwambia niambie umekuja kuongea na mimi kuhusu nini, halafu anaachia. Halafu ikawaje? Niambie zaidi kuhusu hapo. Basi. Ukiangalia unaweza kudhani ni kazi rahisi, ila wanaoifanya wanafundishwa, wanarekodiwa, wenzao wanawakosoa, na hata waliobobea wakiacha kukosolewa wanarudi kwenye maswali mabaya. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa semina ya asubuhi moja hawezi, na si kwa sababu hana akili.

Sasa turudi kwenye ile kazi aliyoiita ya kupotezewa muda. Mdogo wangu, chumba cha kusubiria ndipo ningekuweka hata kama ungekuwa umeshamaliza digrii. Mama anayekaa pale mara nyingi kasikia jambo lenyewe jana au leo asubuhi, na aliyetajwa pengine ni mume wake au kaka yake. Utamuona anakaa anasimama, anataka kumvuta mtoto koridoni amuulize umewaambia nini, anataka kumpigia simu huyo mtu hapo hapo amtukane, anajilaumu, dakika hiyo hiyo anasema labda mtoto kaota. Mtetezi wa familia anayejua kazi yake anakaa na huyo mama, anamweleza kitakachofuata, anamzuia bila kumuaibisha asimhoji mtoto, anamwambia mtoto akitoka mle ndani usimuulize kasema nini, mkumbatie umwambie umefurahi kumuona. Tafiti zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba mtoto anayeaminiwa na kuungwa mkono na mzazi asiyehusika na ukatili ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Kwa hiyo ukikaa na akina mama uko katikati kabisa ya matibabu ya mtoto, na ukimsikiliza mtetezi kwa makini utajifunza hata yale ambayo hayasemwi. Mfano hutamsikia akimuahidi mama kwamba jamaa lazima atafungwa, kwa sababu hilo hakuna mtu pale kituoni mwenye uwezo wa kuliahidi.

Na midoli pia. Mtoto akiwa anacheza na wewe kuna siku atasema tu mwenyewe bila kuulizwa, anapanga vitofali vyake mara anasema "yule alinifungia chumbani". Hapo ndipo mafunzo yako yanaonekana. Usimnyamazishe ukamwambia hayo tutaongea baadaye, maana atajua kwamba hayo hayasemwi. Usimuulize nani, lini, mara ngapi. Usishtuke usoni. Msikilize mpaka amalize, mwambie umefanya vizuri kuniambia, endelea naye mchezo, ukipata nafasi andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama kakosea sarufi, na saa aliyosema, na wewe ulikuwa umesema nini kabla yake, halafu mpelekee msimamizi siku hiyo hiyo. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyelifanya hili kwa utulivu mkubwa na ile karatasi yake fupi ilikuwa na thamani kuliko kurasa zote alizoziandika kwa ajili ya chuo, ila kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kumpa maksi. Inaniuma mpaka leo.

Simu nazo si za kudharau, familia nyingi zinapotea baada ya siku ya kwanza, kesi inaahirishwa, miadi ya mshauri inasahaulika, mama anachoka, na anayepiga simu kuuliza mnaendeleaje, miadi ya Alhamisi bado ipo, ndiye anayezuia mtoto asikatishe matibabu.

Kitu ambacho mwanafunzi anapaswa kukipigania kwelikweli ni kikao cha timu. Pale polisi, daktari, ustawi wa jamii, mshauri nasaha na mwendesha mashtaka wanapitia kesi moja moja na hawakubaliani, polisi anataka kukamata leo, mshauri anasema mtoto bado analala nyumba moja na mtuhumiwa tumtoe kwanza, mwendesha mashtaka anauliza mtoto ataweza kusimama mahakamani au la. Akiapishwa kutunza siri na akakaa kimya pembeni, mwanafunzi atatoka na elimu ambayo kitabu hakina.

Wapo wahadhiri wanaoniambia kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa, kwa hiyo kumzuia mwanafunzi asimsikilize ni kinyume. Hoja hii siikubali hata kidogo. Kifungu kinampa mtoto haki, hakimpi mwanafunzi. Kifungu cha 16 cha mkataba huo huo kinalinda faragha ya mtoto, na cha 39 kinataka apone kwenye mazingira yanayojali afya yake, kujiheshimu kwake na utu wake. Kusimulia kwa ajili ya ripoti ya mtu mwingine hakumo.

Lakini nisionekane nalaumu vyuo tu, maana na sisi vituo tuna yetu na mengine ni makubwa. Kuna vituo vinamchukua mwanafunzi kama mfagizi wa bure, hakuna anayekaa naye hata saa moja kwa wiki kumuuliza umeona nini, umelala vipi, kuna kitu kimekukaa kichwani? Haya mambo yanaingia mwilini. Na kuna wanafunzi wanachagua kituo cha watoto kwa sababu wao wenyewe walipitia ukatili kama huo, hawana haja ya kumwambia mtu, lakini waambiwe mapema siku ya kwanza kwamba wakiona wamezidiwa wanaruhusiwa kutoka nje na hakuna atakayewakata maksi. Kituo ambacho hakina mtu wa kuwasimamia kisichukue wanafunzi, kiseme tu hatuna nafasi. Vile vile kisimruhusu mtu yeyote kukaa na watoto kabla hakijamchunguza kwenye rekodi na kuwapigia waliomdhamini, hata awe kaletwa na barua ya chuo kikubwa namna gani, kwa sababu wanaotafuta watoto wanajua kabisa watoto walipo.

Na simu zenu, jamani. Hakuna picha, hakuna stetasi, hata ile ya kuandika "leo nimeona mtoto wa miaka saba nimelia". Hujataja jina, sawa, lakini jirani aliyeiona familia ikiingia pale anajumlisha mwenyewe.

Ombi langu kwa vyuo, kwenye fomu za vituo vya watoto ondoeni kabisa hicho kipengele cha kumhoji mteja. Badala yake mwambieni mwanafunzi aeleze kesi inavyosafiri kutoka ofisi moja kwenda nyingine na inakwamia wapi, bila kumtaja mtoto wala kitu kitakachomtambulisha. Mazoezi ya kuhoji yafanyike darasani, mwanafunzi mmoja aigize mtoto, mwingine amhoji, wajirekodi, halafu darasa zima lisikilize na kuhesabu ni maswali mangapi yalikuwa ya kuelekeza. Watashangaa. Na wekeni sehemu ya maksi kwa mwanafunzi aliyejua kusikiliza bila kuuliza.

Huyo mwandishi wa barua, kama bado yuko kituoni, naomba amuone msimamizi wake aombe kukaa kwenye kikao cha timu kinachofuata, na ile fomu aipeleke hivyo hivyo na kile kipengele kikiwa wazi, msimamizi aandike pembeni sababu na kusaini. Mimi zangu zote nasaini hivyo na hakuna chuo kilichowahi kunirudishia.

Msimamizi wa fildi, kituo cha watoto