Mji uliozaliwa na maporomoko

Louisville, Kentucky

Mwalimu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Unauliza kama mji huu una lolote la kumshughulisha mwalimu wa historia kwa siku nne, ukiacha Muhammad Ali na mbio za farasi. Upo utajiri, ila usianze na Ali wala farasi. Anza mtoni.

Kwanza jina, maana litakusumbua uwanja wa ndege. Herufi s haitamkwi. Wenyeji husema kitu kama "Luavol", na hiyo l ya mwisho karibu wanaimeza. Tiketi yako iandikwe SDF. Herufi hizo zimebaki kutoka jina la zamani la kiwanja, Standiford, ingawa tangu 2019 kinaitwa kwa jina la Ali. Ukiona LOU, huo ni uwanja mwingine mdogo wa ndege za watu binafsi, usikubali wakala akuchanganye. Jina la mji wenyewe ni la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, kwa kuwasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza. Sanamu yake ilisimama mbele ya ukumbi wa mji tangu miaka ya 1960, ikaharibiwa katika maandamano ya 2020 na kuondolewa.

Sasa mto. Wewe umekulia Kisangani, kwa hiyo sina haja ya kukueleza jinsi maporomoko yanavyozaa mji. Mto Ohio una urefu wa kilomita 1,579, na katika safari hiyo yote kulikuwa na kizuizi kimoja tu kikubwa cha asili: hapa. Maji yalishuka kama mita 8 katika umbali wa kilomita 3 hivi, juu ya mwamba. Si mengi ukilinganisha na maporomoko yenu ya Boyoma, lakini yalitosha kupasua mashua. Maji yakijaa, nahodha hodari alipita. Yakipungua, kila kitu kilishushwa Louisville, kikapakiwa kwenye mikokoteni hadi Portland chini ya maporomoko, kikapandishwa tena chomboni. Hamali, wenye mikokoteni, wenye maghala na wenye nyumba za kulala wageni wote walikula kwa sababu ya mwamba ule. Huko kwenu walijenga reli ya kwenda Ubundu ili kuyakwepa maporomoko. Huku walichimba mfereji, ukafunguliwa 1830. Bado upo, ndani yake kuna malango makubwa ya kupandisha na kushusha vyombo, yenye urefu wa mita 366. Simama pale nusu saa uone msururu wa matishali ya makaa ya mawe na mchanga ukishushwa taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Mwamba wenyewe uko ng'ambo, Clarksville, jimbo la Indiana. Ni matumbawe ya bahari ya kale, umri wake karibu miaka milioni 390. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanakuja Aprili, mto umefurika mvua za masika yao, wanaona maji ya kahawia tu na kurudi wakinung'unika. Miamba hujitokeza vizuri kuanzia Agosti hadi Oktoba. Vaa viatu visivyoteleza, na usiokote hata kipande cha kisukuku, ni marufuku.

Mji ulianza 1778, George Rogers Clark alipofika na askari wake na familia chache wakapiga kambi kwenye kisiwa kilichoitwa Corn Island, yaani kisiwa cha mahindi. Usikitafute. Mawe yake yalichimbwa kwa ajili ya saruji, na mto ukameza kilichobaki.

Mdogo wake Clark huyo, William, ndiye aliyeondoka Clarksville na Meriwether Lewis tarehe 26 Oktoba 1803 kuelekea Bahari ya Pasifiki. Pamoja nao alikwenda York, mtumwa wa William. York alibeba bunduki, aliwinda, aliuguza wagonjwa, na kundi lilipoulizwa lipige kambi wapi msimu wa baridi, sauti yake ilihesabiwa pamoja na za wengine. Waliporudi, wenzake walipewa malipo na ardhi. Yeye hakupewa kitu. Aliomba angalau akae Louisville karibu na mkewe, ambaye alikuwa mali ya bwana mwingine, na Clark alikasirika na kumkatalia uhuru kwa miaka kadhaa. Sanamu yake iko kwenye uwanda ulio juu ya mto katikati ya mji, inaitwa Belvedere. Iliwekwa 2003, na aliyeichonga ni Ed Hamilton, msanii mweusi wa hapa hapa. 

Ukisimama hapo tazama ng'ambo. Indiana ilikuwa nchi ya watu huru, Kentucky ya watumwa, na kati yao maji tu. Bandari iliyoshusha mahindi na wiski ilipakia pia watu, wakauzwa kuteremka mto hadi Natchez na New Orleans. Wanafunzi wako watashangaa na hili: tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa halikumwachia huru hata mtumwa mmoja wa Kentucky, kwa kuwa liliyahusu majimbo yaliyoasi, na Kentucky haikuasi. Utumwa hapa ulikoma Desemba 1865 kwa marekebisho ya katiba, ambayo bunge la Kentucky lenyewe liliyaridhia 1976. Sijakosea tarakimu.

Kesi ya Warley ndiyo ninayotaka uifundishe darasani, kwa sababu ina ujanja. Mwaka 1914 baraza la mji lilipitisha sheria ndogo: mtu mweusi asihamie mtaa wenye wazungu wengi, na mzungu vivyo hivyo kwa upande wake. William Warley, mhariri mweusi na kiongozi mjini wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, akakubaliana kununua kiwanja cha mzungu mmoja, dalali wa ardhi aliyeitwa Charles Buchanan. Ndani ya mkataba akaweka sharti: silipi mpaka sheria iniruhusu kuishi hapo. Kisha akakataa kulipa. Buchanan akamshtaki. Umeuona mtego? Mzungu ndiye aliyelazimika kusimama mahakamani kuipinga sheria ya ubaguzi ili apate pesa zake, na mweusi ndiye aliyejitetea kwa sheria ile ile iliyomkandamiza. Mahakama za Kentucky ziliibariki sheria. Tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta, majaji wote kwa sauti moja.

Tatizo ni msingi wa hukumu. Majaji walitetea zaidi haki ya mwenye mali kuuza mali yake kuliko haki ya mtu mweusi kuwa sawa na wengine. Kwa hiyo kazi ambayo mji ulikatazwa kuifanya ikafanywa na mikataba ya binafsi kati ya wenye nyumba, halafu na benki zilizokataa mikopo kwa mitaa fulani. Ukivuka barabara ya Tisa kuelekea magharibi leo, utaona matokeo bila kuhitaji ramani. Watu wa hapa wakisema "West End" wanataja dira, na wanataja mengine pia. Mmoja wa majaji wale alikuwa mtoto wa Louisville: Louis Brandeis, aliyezaliwa hapa 1856, Myahudi wa kwanza kuingia Mahakama ya Juu. Majivu yake yamezikwa chini ya baraza la kitivo cha sheria cha chuo kikuu, na wanafunzi hupita juu yake wakikimbilia mtihani.

Ukiwa magharibi, ingia maktaba ya Western, makutano ya barabara ya Kumi na Chestnut. Ilianza 1905 katika vyumba vya kupanga, ikapata jengo lake 1908 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Ilikuwa maktaba ya umma ya weusi iliyoendeshwa na weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue, ambaye pia alifundisha kazi hiyo vijana waliokuja kutoka miji mingine ya Kusini. Uliza kuhusu hifadhi yao ya historia ya weusi, na piga simu kabla ya kwenda.

Farasi nitawapitia haraka, isipokuwa jambo moja. Derby, yaani mbio kuu za farasi za hapa, hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, kilomita 2 hivi, farasi wa miaka mitatu, wasizidi 20. Rekodi ni ya farasi aliyeitwa Secretariat, 1973, chini kidogo ya dakika mbili. Jambo lenyewe ni hili: mbio za kwanza, 1875, zilikuwa na wapanda farasi 15, na 13 walikuwa weusi. Mshindi Oliver Lewis alikuwa mweusi, na mwalimu wa farasi wake, Ansel Williamson, aliwahi kuwa mtumwa. Katika mbio 28 za mwanzo weusi walishinda 15. Wa mwisho alikuwa Jimmy Winkfield, 1901 na 1902. Baadaye wazungu walianza kuwabana kwenye ua wa uwanja mbio zikiendelea, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi, na Winkfield akaenda kutafuta riziki Urusi. Makumbusho yaliyo langoni mwa Churchill Downs, uwanja wa Derby, yanayaeleza haya.

Usije wiki ya Derby. Umeandika mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote: bei ya chumba hupanda mara kadhaa, hoteli nyingi hudai ulipie usiku mbili au tatu hata kama unataka mmoja, na tiketi ya bei nafuu inakuweka katikati ya uwanja, ambako utaona kofia nyingi na farasi wachache. Siku ya kawaida ya mbio unaingia kwa pesa kidogo na kusimama karibu na kamba kabisa. Septemba kuna msimu mfupi.

Haya, Ali. Alizaliwa 1942 kama Cassius Clay, akakulia Grand Avenue namba 3302, nyumba ndogo ya rangi ya waridi yenye kibao mbele. Itazame kutoka barabarani, majirani wanaishi maisha yao. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, baiskeli yake iliibwa alipokuwa kwenye maonyesho jengo la Columbia, na polisi aliyemwendea kushtaki, Joe Martin, alikuwa akifundisha ndondi chini ya jengo hilo hilo. Liko bado, barabara ya Nne. Kituo cha Muhammad Ali kilichofunguliwa 2005 kinahitaji saa tatu. Barabara iliyopewa jina lake 1978 zamani iliitwa Walnut, na ilikuwa na maduka, kumbi za muziki na ofisi za bima za weusi. Mji uliyabomoa miaka ya 1960 kwa jina la maendeleo. Jina likaja baada ya mtaa kuondoka. Habari za pambano lake la Kinshasa, Oktoba 1974, unazijua kuliko mimi. Ila waulize wenzako wa Tanzania kuhusu 1980, Rais Carter alipomtuma Dar es Salaam kuomba Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Nyerere asimpokee.

Kaburi lake liko Cave Hill, pamoja na Kanali Sanders wa kuku wa KFC na dada wawili, Patty na Mildred Hill, waliotunga kwa ajili ya watoto wa chekechea ile sauti ya wimbo ambayo dunia nzima sasa huimbia sherehe za siku ya kuzaliwa. Chukua ramani langoni, makaburi yale ni makubwa na njia zake zinapinda.

Ukiona alama za maji ukutani mwa majengo ya zamani, ni za Januari 1937. Zaidi ya nusu ya mji ilizama, mitambo ya umeme ikafurika, mji ukawa giza. Watu walitoka katikati ya mji kwenda mwinuko wa mashariki kwa kuvuka daraja lililoelea juu ya mapipa matupu ya wiski. Baada ya hapo waliokuwa na uwezo walijenga juu, na ukuta wa kuzuia mafuriko ukafuata.

Chakula cha kwao kinachotajwa sana ni Hot Brown, cha hoteli ya Brown tangu 1926: mkate wazi, bata mzinga, mchuzi mzito wa jibini, nyanya. Mwambie mkeo mapema kwamba juu kuna vipande vya nguruwe. Anaweza kuomba wasiviweke. Kiwandani kwa magongo ya besiboli, Main Street, utapewa kigongo kidogo bure. Kiweke kwenye begi la kupakiwa, ukikibeba mkononi utanyang'anywa uwanja wa ndege.

Na kama utawasikia watu wakizungumza Kiswahili cha Kivu na Katanga kituoni mwa basi saa nne usiku, wengi wanaelekea kazini uwanja wa ndege. Kampuni ya UPS huleta vifurushi vya dunia hapa usiku, hushushwa, huchambuliwa, hupakiwa, na kabla ya alfajiri vimeondoka. Mitambo ina uwezo wa zaidi ya 400,000 kwa saa. Vijana wanaofanya zamu hiyo ya usiku wanaweza kulipiwa ada ya chuo, mpango uliopo tangu 1998. Hamali wa Portland wangeitambua kazi hiyo.

Kwa hiyo sogeza safari hadi katikati ya Septemba: mwamba uko wazi, farasi wapo, vyumba vina bei ya kibinadamu. Nijibu kabla hujalipia tiketi.

Ni mimi rafiki yako.