Baba, sikukuuliza

Silver Spring, Maryland

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, kazi inaendelea. Yule mzee ninayemtunza, mwenye kisukari, kumbe naye alikuwa askari: Vietnam. Miaka miwili namwosha miguu, hajawahi kulitaja neno hilo.

Wiki jana aliniomba nimpeleke Washington, kwenye ukuta wa majina. Ni jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka unajiona uso, limechongwa majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa au kupotea. Hayakupangwa kwa alfabeti wala kwa vyeo. Yanafuata siku mtu aliyoanguka, kwa hiyo waliokufa pamoja wamekaa pamoja. Nikasukuma kiti chake mpaka kwenye siku yake. Akaweka karatasi juu ya jina moja, akapitisha penseli, mkono unamtetemeka, nikamshikia. Jina likatokea jeupe. Hatukusema kitu kwa muda mrefu.

Alirudi kwa ndege, Baba. Leo yuko msituni, kesho kutwa yuko mezani kwa mama yake. Wengi walirudi hivyo, mmoja mmoja, kila mtu mwaka wake ukiisha, si kikosi kizima. Na wengi walikuwa wamechukuliwa kwa lazima. Lakini watu walishaichoka vita, vijana wanaandamana, habari za wanakijiji wa Vietnam waliouawa na askari wa Marekani huko My Lai zimeenea. Anasema yeye hakuna aliyemtukana. Mama yake alimpakulia chakula, akamsimulia habari za majirani, basi. Ukuta wenyewe ulizinduliwa 1982, miaka 9 baada ya vikosi vya mwisho vya mapigano kuondoka.

Nilikuwa na miaka 9 uliporudi Uganda kutoka Kisangani, kule Kongo, mwaka 2000. Ukivuka geti la kambi pale Bombo, watu walikuwa wakisema jeshi letu limefuata dhahabu na mbao Kongo, na kwamba mmepigana na Wanyarwanda, rafiki zenu wa jana, katikati ya mji wa watu. Maneno hayo hayakuwa ya bure. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya The Hague inayoamua kesi kati ya nchi na nchi, iliamua kuwa Uganda ilivunja sheria za kimataifa, na 2022 ikaamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Sitetei vita ile. Ila hasira ya kuwaendea waliowatuma iliishia mlangoni kwetu, kwa mtu aliyerudi na begi moja na kikohozi.

Na mimi nikaongeza yangu. Mbele ya wageni nikakuuliza, "Baba, dhahabu iko wapi?" Mama akanifinya. Wewe ukatoka nje, ukakaa chini ya mwembe mpaka giza likaingia. Nisamehe, Baba.

Tukiwa njiani kurudi, mzee akaniuliza baba yangu alipigana wapi. Nikajibu Kisangani, nikakwama hapo hapo. Sikuwa na neno la pili.

Jumapili jioni nitapiga simu. Usiku ulikuwa ukiita jina la mtu usingizini, lile lile kila mara. Ukipenda, tuanzie kwake.

Mwanao